Kituruki kwa Mwenye Kiswahili: Mzizi Mbele, Viambishi Nyuma

Mturuki akiagana nawe atakuambia *görüşürüz*. Neno hilo moja ni sentensi kamili, na lina vipande vinne: *gör* ni mzizi wa kuona, *üş* ni ile "-an-" yetu ya kutendana, *ür* ni njeo, na *üz* ni sisi. Liweke kando ya "tutaonana": tu-ta-on-an-a. Vipande ni vilevile. Kilichobadilika ni mahali pa kukaa. Kiswahili kimetanguliza mtendaji na wakati, kisha mzizi. Kituruki kimetanguliza mzizi, na mtendaji kimemwacha hadi mwisho.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayejua Kiswahili na una sababu ya kujifunza Kituruki. Pengine umepata ufadhili wa Türkiye Bursları na unatarajia kuanza na mwaka wa lugha kabla ya masomo yenyewe. Pengine unafuata nguo za jumla Laleli, jijini İstanbul, na umechoka kununua kwa ishara za vidole. Pengine ni tamthilia tu zilizokuvuta. Vyovyote iwavyo, ujue kwamba una mtaji mkubwa. Vitabu vingi vya kuwafundishia wageni Kituruki humfikiria msomaji wa lugha za Ulaya, ambaye hushtuka kuona neno moja likibeba sentensi nzima. Wewe hushtuki. Umekuwa ukisema "hatutawasomeshea" tangu utotoni.

## Kanuni ya kushika kabla ya zote

Kiswahili hutanguliza neno kuu, maelezo yakafuata: mlango *wa nyumba*, mtu *aliyekuja*, nilinunua *mkate*. Kituruki hutanguliza maelezo, na neno kuu huja mwisho. Hii ndiyo sababu kitenzi hufunga sentensi, kivumishi hukaa kabla ya nomino, na mwenye kitu hutajwa kabla ya kitu.

Ndani ya neno kanuni ni ya aina hiyohiyo. Nafsi na njeo, ambazo kwetu hukaa kabla ya mzizi, kwa Waturuki hukaa baada yake, tena kwa mpangilio uliogeuzwa. Lakini viambishi vya mnyambuliko, yaani vile vya kutendwa, kutendana na kutendesha, hubaki kulekule tunakoviweka sisi: mara tu baada ya mzizi. Tazama:

- ni-ta-som-esh-a
- *oku-t-acağ-ım*

*Oku* ni soma, *t* ni "-esh-", *acağ* ni "-ta-", *ım* ni "ni-". Ukikutana na neno refu la Kituruki, shika mzizi ulioko mwanzoni, kisha ruka hadi mwisho umtafute mtendaji na urudi nyuma. Neno litajifasiri lenyewe.

## Herufi: soma kinachoonekana

Uturuki iliacha hati ya Kiarabu na kupitisha herufi mpya za Kilatini kwa sheria ya tarehe 1 Novemba 1928. Alfabeti hiyo ina herufi 29, irabu zikiwa 8, na husomwa karibu kama Kiswahili: kila herufi na sauti yake. Yapo mambo machache ya kuzoea. *C* ni j, *ç* ni ch, *ş* ni sh. *Ğ* haina sauti yake. Hurefusha irabu iliyotangulia. *Ö* ni e inayotamkwa midomo ikiwa imeviringwa, na *ü* ni i ya midomo iliyoviringwa. *I* isiyo na nukta (*ı*) ni u inayotamkwa bila kuviringa midomo. Nukta si pambo: *ı* na *i* ni herufi mbili tofauti.

Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Wao kwa kawaida huuweka kwenye silabi ya mwisho, nao husogea kila kiambishi kinapoongezwa: ki-TAP, ki-tap-LAR, ki-tap-la-RIM. Majina mengi ya mahali hayafuati kanuni hii, na kiambishi cha kukanusha huurudisha mkazo kwenye silabi iliyokitangulia.

## Irabu hufuatana

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, ilhali wewe una mlango wa kuingilia. Kwa nini tunasema "pikia", "fungia" na "katia", lakini tukasema "somea" na "chekea"? Kwa sababu irabu ya mzizi huchagua irabu ya kiambishi. Palipo na a, i au u tunatia "-i-". Palipo na e au o tunatia "-e-". Sikio lako hukataa "somia" bila kufundishwa. Kituruki hufanya hivyohivyo, ila kwa karibu kila kiambishi.

Irabu zao ziko makundi mawili: za mbele (*e, i, ö, ü*) na za nyuma (*a, ı, o, u*). Viambishi navyo viko aina mbili.

Aina ya kwanza huchagua kati ya *e* na *a*. Irabu ya mwisho ya neno ikiwa ya mbele, tia *e*. Ikiwa ya nyuma, tia *a*. Kiambishi cha wingi ni mfano mzuri:

- *ev* (nyumba), *evler*
- *göz* (jicho), *gözler*
- *kitap* (kitabu), *kitaplar*
- *okul* (shule), *okullar*

Aina ya pili huchagua kati ya irabu nne. Baada ya *e* au *i* tia *i*. Baada ya *a* au *ı* tia *ı*. Baada ya *o* au *u* tia *u*. Baada ya *ö* au *ü* tia *ü*. Kwa mfano, "yangu": *evim, kitabım, okulum, gözüm*.

Usiikariri kanuni hii kama hesabu. Kariri maneno yake manne kwa sauti mpaka ulimi uzoee, kwa kuwa ulimi ndio utakaotumia kanuni, na mazungumzo hayakupi nafasi ya kufikiri. Maneno machache ya kigeni hukiuka, hasa yenye asili ya Kiarabu: *saat* (saa) wingi wake ni *saatler*. Hayo yajue kila moja kwa wakati wake.

## Konsonanti zinazobadilika

Kiambishi kinachoanza na *d* hugeuka *t* kikifuata konsonanti isiyo ghuna: *evde* (nyumbani), lakini *parkta* (bustanini). Wanafunzi wa Kituruki hukumbuka konsonanti hizo kwa maneno mawili, *fıstıkçı Şahap*, yaani Şahap muuza njugu: *f, s, t, k, ç, ş, h, p*.

Neno likiishia *p, ç, t* au *k*, mara nyingi herufi hiyo hulainika irabu inapofuata: *kitap* huwa *kitabım*, *ağaç* (mti) huwa *ağacı*, *ekmek* (mkate) huwa *ekmeği*. Hili lina faida unaposhika kamusi. Ukikutana na *kitabımı* usitafute "kitab". Rudisha *b* iwe *p* na utalipata neno. Irabu mbili zinapogongana, herufi kama *y, s* au *n* huingia katikati: *araba* (gari), *arabayı, arabası*.

## Nomino: hakuna ngeli

Kituruki hakina ngeli wala jinsia. *O* ni yeye mwanamume, yeye mwanamke, na pia kile au lile. Wingi wa kila kitu ni *-ler* au *-lar*. Kivumishi hakibadiliki: *büyük ev* ni nyumba kubwa, *büyük evler* ni nyumba kubwa nyingi. Na idadi ikishatajwa, wingi hauhitajiki tena: vitabu vitatu ni *üç kitap*, bila *-lar*.

Viambishi vya nomino vina foleni isiyovunjwa: mzizi, wingi, mwenyewe, kisha uhusiano katika sentensi. *Ev-ler-imiz-de* ni nyumba + wingi + yetu + -ni: katika nyumba zetu.

Umilikaji utauona wa kawaida kabisa ukikumbuka tunavyowataja jamaa zetu: mamangu, babako, mkewe. Kituruki hufanya hivyo kwa kila nomino:

- *annem*: mamangu
- *annen*: mamako
- *annesi*: mamake
- *annemiz*: mama yetu
- *anneniz*: mama yenu
- *anneleri*: mama yao

Chuoni utasikia kila mtu akimwita mwalimu *hocam*. Ni *hoca* na *-m*: mwalimu wangu. Nawe mwite hivyo; ni heshima. Na unapozungumza na mkubwa au usiyemfahamu, tumia *siz* (ninyi) badala ya *sen* (wewe): *Nasılsınız?*, hujambo kwa adabu.

## "-ni" yetu moja, viambishi vyao vitatu

Sikiliza: niko nyumbani, naenda nyumbani, natoka nyumbani. Kiswahili kimetumia "-ni" ileile mara tatu na kumwachia kitenzi kazi ya kueleza mwendo. Kituruki hugawa kazi hiyo:

- *Evdeyim*: niko nyumbani (*-de*, mahali ulipo)
- *Eve gidiyorum*: naenda nyumbani (*-e*, unakoelekea)
- *Evden geliyorum*: natoka nyumbani (*-den*, ulikotoka)

Kosa la kwanza la mwenye Kiswahili ni kutumia *-de* kila anapofikiri "-ni". Kabla ya kutia kiambishi jiulize: nipo, naenda, au natoka?

*-E* ina kazi nyingine kubwa. Kituruki hakina kauli ya kutendea. "Niandikie" hawana namna ya kulijenga ndani ya kitenzi. Husema *bana yaz*, andika kwangu. Basi kila unapotaka kusema pikia, nunulia, letea au fungulia, mweke anayetendewa katika *-e*: *bana* (kwangu), *sana* (kwako), *Ali'ye* (kwa Ali). Alama hiyo ya ritifaa hutenga jina la pekee na kiambishi chake katika maandishi, nayo itakusaidia kuona jina linaishia wapi.

Kuna tena *-i* ya shamirisho, ambayo walimu huchukua masomo mengi kuieleza. Wewe unayo tayari. Linganisha:

- *Kitap okudum*: nilisoma kitabu
- *Kitabı okudum*: nilikisoma kitabu

Ile "-ki-" unayoitia ndani ya kitenzi ukimaanisha kitabu mahususi, tunachokijua mimi na wewe, Waturuki huitia mwishoni mwa kitabu chenyewe. Kitabu kikiwa chochote tu, kiambishi hakipo. Pale ulimi wako unapotaka kusema "nilikisoma, ulikileta, tulikipata", tia *-i*.

Kila kitenzi kijifunze pamoja na kiambishi kinachokipenda. *Başlamak* (kuanza) hudai *-e*, na *bakmak* (kutazama), *binmek* (kupanda chombo) na *yardım etmek* (kusaidia) vivyo hivyo. *Korkmak* (kuogopa) hudai *-den*: Waturuki huogopa "kutoka kwa" mbwa, *köpekten korkmak*. Katika daftari lako usiandike *korkmak* peke yake. Andika *-den korkmak*.

## Soma mabango: mlango wa nyumba

Mlango wa nyumba ni *evin kapısı*. Kipande kwa kipande: nyumba-ya mlango-wake. Mwenye kitu hupata *-in*, kitu hupata *-i* au *-si*, na kila kimoja humtambua mwenzake. Kiswahili cha mitaani kina umbo la karibu, "Ali kitabu chake", na ndilo *Ali'nin kitabı*.

Neno la kwanza lisipomtaja mwenye kitu, bali likitambulisha tu kitu ni kipi au cha aina gani, *-in* huondoka na *-i/-si* hubaki. Hapo ndipo mji mzima wa İstanbul unapogeuka kitabu cha sarufi. *Galata Kulesi* ni mnara (*kule*) wa Galata. *Topkapı Sarayı* ni kasri (*saray*) la Topkapı. *İstiklal Caddesi* ni barabara (*cadde*) ya İstiklal, na *Taksim Meydanı* ni uwanja (*meydan*) wa Taksim. *Otobüs bileti* ni tiketi ya basi.

Huhitaji hata kusafiri. Ndege za *Türk Hava Yolları* hutua Dar es Salaam na Nairobi: *hava* ni hewa, *yol* ni njia, *-lar* ni wingi, *-ı* ni kile kiungo. Njia za hewa za Kituruki. Na *Yapı Merkezi*, kampuni iliyojenga reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Morogoro, ni kituo (*merkez*) cha ujenzi (*yapı*).

## Kuzalisha maneno

Viambishi vinne vitakupa mamia ya maneno kwa bei rahisi.

*-Lik* hufanya kazi ya "u-" yetu: *hasta* ni mgonjwa, *hastalık* ugonjwa, *çocuk* ni mtoto, *çocukluk* utoto, *arkadaş* ni rafiki, *arkadaşlık* urafiki. *-Ci* humtaja mwenye kazi: *balık* ni samaki, *balıkçı* mvuvi au muuza samaki, *çay* ni chai, *çaycı* muuza chai. *-Li* ni "-enye" na *-siz* ni "bila": *şekerli* ni yenye sukari, *şekersiz* ni bila sukari. Viwili hivi vya mwisho utavitumia siku ya kwanza kwenye mgahawa. *-Li* huonyesha pia mtu wa mahali: *Tanzanyalıyım*, mimi ni Mtanzania, *Kenyalıyım*, mimi ni Mkenya.

Msamiati nao usikutishe. Lugha zetu mbili zimechota kwingi katika Kiarabu, kwa hiyo utakutana na *kalem, haber, dakika, sandık, sabun, dünya, hesap* na *zaman* bila kufungua kamusi. Jihadhari kidogo tu, maana neno linaweza kufanana sura na kutofautiana kazi: *misafir* si msafiri, ni mgeni.

## Kitenzi

Kamusini kitenzi huandikwa na *-mek* au *-mak*: *gelmek* (kuja), *almak* (kuchukua, kununua). Ondoa *-mek* upate mzizi. Foleni ya kitenzi ni hii: mzizi, mnyambuliko, ukanushi, njeo, nafsi.

Mnyambuliko ni uwanja wako wa nyumbani:

- *görmek*: kuona
- *görülmek*: kuonwa
- *görünmek*: kuonekana
- *görüşmek*: kuonana
- *yazmak*: kuandika, *yazılmak*: kuandikwa, *yazdırmak*: kuandikisha

Barabarani utaona alama yenye neno *Girilmez*: *gir* (ingia), *il* (kutendwa), *mez* (ukanushi wa desturi). Hapaingiwi.

Njeo za kuanzia nazo ni nne, na moja ya ziada:

- *geliyorum*: ninakuja (*-iyor*)
- *geldim*: nilikuja (*-di*)
- *geleceğim*: nitakuja (*-ecek*)
- *gelirim*: huja, nitakuja kwa ahadi (*-ir*)

Kukanusha ni *-me* kabla ya njeo: *gelmedim*, sikuja, *gelmeyeceğim*, sitakuja. Kutoweza ni *-eme*: *gelemem*, siwezi kuja. Kuuliza ni kipande *mi* kinachoandikwa peke yake na kufuata irabu: *Geldin mi?*, ulikuja?

Kituruki hakina kiambishi cha mtendwa ndani ya kitenzi. Nitakuona ni *seni göreceğim*. Yule "-ku-" ametoka nje na kusimama peke yake. Wala hakina "kuwa na". Kina *var* (ipo) na *yok* (haipo): nina pesa ni *param var*, pesa yangu ipo; sina muda ni *zamanım yok*.

## Ile njeo ya "kumbe"

Njeo ya ziada ni *-miş*, na inastahili aya zake. *Ali geldi* ni Ali alikuja: nilimwona, ninalithibitisha. *Ali gelmiş* pia ni Ali amekuja, ila mimi sikumwona: nimeambiwa, au nimeona viatu vyake mlangoni nikajua. Sisi tungesema "kumbe Ali amekuja" au "nasikia Ali amekuja". Kituruki kinadai useme ulivyolijua jambo, na dai hilo liko ndani ya kitenzi.

Ndiyo maana *uyumuşum*, kumbe nililala, haihitaji maelezo zaidi: aliyelala hakujiona akilala. Ndiyo maana ngano zao hufunguliwa kwa *bir varmış bir yokmuş*, kulikuwako na hakukuwako, kama sisi tunavyoanza na hapo zamani za kale. Msimulizi hadai kwamba alikuwapo. Ukijifunza kuchagua vizuri kati ya *-di* na *-miş*, watu watakuamini zaidi, kwa sababu hutadai kuyashuhudia uliyoyasikia tu.

## Sentensi: kitenzi mwisho

*Ayşe dün pazardan bize taze balık aldı.* Kipande kwa kipande: Ayşe, jana, kutoka sokoni, kwetu, -bichi, samaki, alinunua. Yaani: jana Ayşe alitununulia samaki wabichi sokoni.

Nafasi iliyo mbele ya kitenzi ndiyo yenye uzito. Kiswahili huonyesha mkazo kwa "ndiye" na "ndipo". Kituruki husogeza neno hadi lipakane na kitenzi:

- *Bileti dün Ali aldı*: Ali ndiye aliyenunua tiketi jana
- *Ali bileti dün aldı*: jana ndipo Ali aliponunua tiketi

Viunganishi vyetu vya mbele huwa vya nyuma: kwa ajili yako ni *senin için*, kama simba ni *aslan gibi*. Katika mazungumzo ya nyumbani utasikia kitenzi kikitangulia na maneno mengine yakifuata. Usiige mapema, shika kwanza mpangilio wa kawaida.

Sehemu inayowasumbua wengi ni urejeshi, na hapa tena umetangulia. "Niliyemwona" hubeba urejeshi ndani ya kitenzi. *Gördüğüm* hufanya hivyohivyo kwa *-düğ-*:

- mwanamke niliyemwona sokoni jana
- *dün pazarda gördüğüm kadın*

Lisome la Kituruki kutoka kulia kwenda kushoto. Utapata Kiswahili, neno kwa neno. Mtendaji akiwa ndiye anayeelezwa, tumia *-en/-an*: *gelen adam*, mwanamume anayekuja au aliyekuja.

Vivyo hivyo kwa "-ka-", "-ki-" na "-po-":

- *Eve gidip yemek yedim*: nilienda nyumbani nikala
- *Gülerek cevap verdi*: alijibu akicheka
- *İstanbul'a varınca beni ara*: utakapofika İstanbul nipigie simu
- *Yağmur yağarsa gelmem*: mvua ikinyesha siji

## Sentensi moja yenye yote

Sasa tukate hii pamoja: *Arkadaşının bana yazdığı mektubu okuyamadım.*

Anza mwishoni. *Oku-y-a-ma-dı-m*: soma, herufi ya katikati, kutoweza (*a-ma*), wakati uliopita, mimi. Sikuweza kusoma. Nini? *Mektub-u*: barua, na *-u* inatuambia ni barua mahususi. Kamusini ni *mektup*. Barua gani? *Yaz-dığ-ı*: aliyoiandika. Kwa nani? *Bana*, kwangu. Nani aliandika? *Arkadaş-ın-ın*: rafiki, yako, wa. Unganisha: sikuweza kusoma barua aliyoniandikia rafiki yako.

Fanya hivi kwa kila sentensi inayokushinda. Kwanza kitenzi cha mwisho, kisha nafsi na njeo yake, kisha rudi nyuma neno kwa neno ukiuliza maswali: nini, gani, kwa nani, nani. Neno refu nalo ni hivyohivyo. *Gelemeyeceklermiş*: *gel* (kuja), *eme* (kutoweza), *yecek* (wakati ujao), *ler* (wao), *miş* (nasikia). Nasikia hawataweza kuja.

## Namna ya kujifunza

Usijifunze viambishi kwa orodha. Chukua mzizi mmoja, tuseme *yazmak*, uupitishe katika njeo zote, nafsi zote, ukanushi na swali, kwa sauti. Kesho chukua mwingine. Mizizi kumi iliyoiva kinywani ina faida kuliko mia iliyoandikwa daftarini.

Tunga sentensi zako kwa kugeuza Kiswahili chako mwenyewe. Andika "nilikiona kitabu cha dada yako nyumbani", kisha jiulize kila kipande kinakwenda wapi: *Ablanın kitabını evde gördüm*. Utaona mwenyewe ni wapi "-ki-" imegeuka *-ı*, ni wapi "yako" imekuwa *-n*, na ni wapi "-ni" imechagua *-de*.

Kwa kamusi, tumia ile ya Türk Dil Kurumu, chombo cha lugha kilichoanzishwa mwaka 1932, inayopatikana bure mtandaoni. Kwa masomo rasmi, kituo cha TÖMER cha Chuo Kikuu cha Ankara kimefundisha wageni tangu mwaka 1984, na Yunus Emre Enstitüsü hufundisha Kituruki katika nchi mbalimbali. Tazama jina hilo la mwisho: *enstitü* imepata *-sü*, na sasa unajua kwa nini.

Anza leo na sentensi tano kuhusu watu wa nyumbani kwako na kazi zao. Ziandike kwa Kiswahili, weka mstari chini ya kila kiambishi, kisha zijenge upya kwa Kituruki, mzizi mbele na viambishi nyuma. Zisome kwa Mturuki yeyote unayemfahamu, mwombe akusahihishe, na usitunge nyingine mpaka hizo tano ziwe sahihi kabisa.